Jina Langu Kwenye Mstari wa Chokaa

Nani kakwambia hatukufika? Tulifika. Tulifika mpaka kwenye mstari wa chokaa pale Dar es Salaam, asubuhi na mapema, katambuga zetu za matairi tumezishika mkononi. Wewe unasema haiwezekani, ati mtu wa kijiji cha ujamaa cha Handeni, miaka ile tumehamishwa juzijuzi tu, hawezi kwenda kusimama kwenye mbio za kilomita arobaini na mbili za mji mkubwa, labda awe mwanajeshi au amesoma shule ya bweni. Mimi hata shule ya kutwa sikuimaliza. Kusoma nilijifunzia kwenye magazeti ya kufungia sukari, na nilikuwa naudhika sana nikikuta habari imechanwa katikati. Kwa hiyo sikiliza kwanza, halafu ubishe.

Mkimbiaji hakuwa mimi. Mkimbiaji alikuwa rafiki yangu, kijana wa Kimasai. Tulipopangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari, sisi Wazigua tuliotoka mabondeni tulijikuta majirani na familia zao zilizotoka nyikani na ng'ombe. Kutoka mlango wangu mpaka wake hatua ishirini. Yeye mtu wa maneno mawili kwa siku, mimi unanijua. Mtu akimsema vibaya yeye alikuwa anacheka. Mimi ndiye niliyekuwa napigana.

Mbio alizijulia kwenye ng'ombe. Ndama akipotea asubuhi, yeye alikuwa anakwenda na kurudi kabla uji haujapoa, na hapo hahemi. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba kuna watu wanakimbia hivyohivyo bila kutafuta ndama yeyote, na wanapigiwa makofi. Aliona ni ujinga. Lakini dereva wa lori la pamba alipotuonyesha, kwa mita ya gari lake, kilomita arobaini na mbili zinaanzia wapi na kuishia wapi kwenye barabara ya Korogwe, alizikimbia zote siku ileile, mimi nyuma yake na baiskeli ya kijiji. Baiskeli ndiyo iliyochoka. Mnyororo ulikatika.

Kisha bwana michezo wa wilaya akaitisha mashindano. Walishuka hata vijana wa Vugiri na Lutindi, kwenye milima ya wilaya jirani, watu waliozoea kupanda milima tangu wanajifunza kutembea, miguu yao kama mipini ya shoka. Rafiki yangu aliwaacha wote. Bwana michezo akasema huyu aende Dar, kijiji kiandike barua ya kumwombea nafasi.

Kijiji kuandika barua maana yake mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nawaandikia watu wote: mama anayemtafuta mwanawe kwenye mashamba ya mkonge, mzee anayeuliza mahari imefikia wapi, mwenyekiti akiomba mbegu. Na barua zetu zina utaratibu wake. Anayeshika kalamu anajitaja kwanza, jina lake na la baba yake, ili maneno yakiwa na kosa ijulikane wa kumshika ni nani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na wazee, na hivyo ndivyo nilivyoandika: mimi fulani bin fulani, mwandishi wa barua hii, ni mzima wa afya, hofu ni juu yenu. Baada ya salamu zote, mstari wa nne, nikaanza habari za mkimbiaji wetu, jina lake, ukoo wake na sifa zake. Sifa nilizijaza ukurasa mzima.

Jibu likaja. Limeandikwa jina langu, nafasi imepatikana, fika na barua hii. Sikushtuka. Majibu yote ya kijiji kile yalikuwa yanakuja kwa jina langu, hata ya yule mama na mwanawe wa mkonge. Nikakimbia kumwonyesha. Akaitazama ile karatasi juu chini, akasema, "Sawa."

Tukaenda kwa mwenyekiti kuomba ruhusa. Mzee yule hakuwa mbaya, ila alikuwa anapenda utaratibu kuliko chakula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia habari zenu. Ngwe yake kalima?"

Ngwe ni ule mkanda wa shamba la kijiji ambao kila mtu alikuwa anapimiwa kwa kamba, na hakuna kusafiri mpaka umeimaliza. Rafiki yangu alikuwa hajaigusa. Kwao jembe walikuwa hawajalizoea hata kidogo.

"Mzee, huyu anakwenda kukimbia kwa ajili ya kijiji," nikasema. "Unataka akavunjike mgongo kwenye mahindi?"

"Nataka ngwe. Na wewe kijana, punguza sauti, niko hapahapa."

Nilikuwa na maneno mengine mdomoni, ya kutosha kutufungia safari moja kwa moja. Rafiki yangu akanivuta shati tukatoka.

Tulilima siku mbili. Mimi nilikuwa natangulia navunja ardhi, yeye anafuata anapiga mabonge. Alikuwa analishika jembe kama mtu anayetaka kuua nyoka. Akina mama wa ngwe ya jirani walituangalia weee, mpaka mmoja akashindwa kuvumilia.

"We Masai, hapo unalima au unamzika ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu hawajafa, mama," akasema. "Nikiendelea hivi nitakufa mimi."

Wakacheka mpaka wakaweka majembe chini. Siku ya pili mchana, jua limekuwa kali, wale mama wakamaliza ya kwao na kuingia kwenye ya kwetu bila kuombwa. Yule mchokozi akamwambia, "Toka hapo, kaa kivulini, hiyo miguu si ya kwako peke yako." Jioni mwenyekiti akapita na fimbo yake, akaitazama ngwe, akatazama nyayo za miguu kumi na zaidi kwenye udongo. Akatuandikia ruhusa.

Mpaka Korogwe tulikaa juu ya magunia ya lori. Kutoka Korogwe ni treni. Pale stesheni mkaguzi akamtazama rafiki yangu, shuka na fimbo, akasema abiria wa namna hii hapandi. Wakati ule Wamasai walikuwa wanasumbuliwa sana, ati waache shuka wavae kama watu. Kama watu. Hapo nilichemka. Nilimuuliza yule mkaguzi kama treni inaendeshwa na suruali au na injini. Watu wakaanza kukusanyika, treni imeshapiga honi ya kwanza, na mimi ndio nimepata pumzi. Nilipogeuka kumtafuta rafiki yangu, alikuwa ameshafungua mfuko wangu, ametoa suruali yangu ya akiba na kuivaa. Ilimfika katikati ya muundi. Akapanda, akakaa dirishani, akaniambia, "Wewe unabaki?"

Dar tulifikia kwa mjomba wangu, Magomeni. Alitupa wali, akatupa mkeka, akatuonyesha njia. Saa kumi na mbili kamili tulikuwa uwanjani. Watu wengi, vijana wenye raba nyeupe wanarukaruka, wengine wanajisugua mafuta mapajani. Mbele kabisa, kwenye lami, mtu alikuwa anamwaga chokaa kwa kopo, mstari mmoja mnene kutoka ukingo huu mpaka ule. Rafiki yangu akasimama mbali nao kidogo, akautazama. "Ndiyo huu?" akauliza. Nikamwambia ndiyo huu.

Kwenye meza ya kugawa namba alikaa bwana wa makamo mwenye miwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jina?"

Nikamtaja rafiki yangu. Kidole kikashuka kwenye orodha, kikapanda, kikashuka tena.

"Hayupo."

"Yupo mzee. Wa Handeni."

"Wa Handeni yupo mmoja." Akalisoma. Alisoma jina langu na la baba yangu.

Rafiki yangu akageuka akanitazama.

"Huyo ni mimi," nikasema.

"Basi chukua namba yako ukajiandae."

"Mzee, mimi sikimbii. Mimi niliandika barua tu. Mkimbiaji ni huyu."

Akafungua jalada, akaitoa barua yangu yenyewe, mwandiko wangu ule wa kuinama kama migomba kwenye upepo. Jina langu pale juu, kubwa, la kwanza.

"Soma chini mzee. Mstari wa nne."

"Nimesoma, naona. Aliyepanga orodha alichukua jina la kwanza alilolikuta. Ni kosa, sikatai. Lakini orodha imeshapigwa mhuri, na mimi hapa kazi yangu ni kugawa namba. Siwezi kuandika jina jipya asubuhi hii."

Nikaanza. Unanijua nikianza. Nikamwambia tumelima ngwe, nikamwambia habari za magunia, habari za mkaguzi, nikamuuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayeandika barua bila kujitaja. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Yule bwana hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta, akasema taratibu, "Kijana, ukiendelea hivi naifunga hii namba kwenye bahasha, na hatakimbia mtu wa Handeni hata mmoja."

Nikaichukua namba. Tukasogea pembeni, kwenye ukuta.

"Kimbia wewe," rafiki yangu akasema.

"Nikimbie wapi? Mimi hapo kwenye kona tu nitakuwa nimekaa chini naomba maji."

"Jina ni lako."

"Namba nimekupa. Ivae."

"Suruali yako nilivaa, sikusema kitu," akasema. "Jina ni kitu kingine. Nikitangulia watamtaja nani? Baba yangu ataambiwa nini, kwamba mtoto wake alikwenda Dar akawa Mzigua?"

Kosa lilikuwa langu na kalamu yangu. Sikuwa na mkaguzi wala mwenyekiti wa kumpigia kelele. Mwisho nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa baba yake, mbele ya watu wote, nimweleze kwamba niliyekosea ni mimi. Hilo naweza kulibeba. Lakini kumrudisha Handeni hajakanyaga chokaa, baada ya wale mama kumlimia, hilo siliwezi, na kama anataka hivyo arudi peke yake, mimi nitabaki hapo ukutani mpaka nizeeke.

Akafikiri. Wenzake wote walikuwa wameshaanza kusogea mbele.

"Wanaita majina kabla ya kuanza," akasema. "Mtu anaitikia, anaingia kwenye mstari. Nimewasikia wakielezana. Wakiita lako, wewe utajibu. Huwezi kujizuia. Ukijibu tutakuwa wawili, watatutoa."

"Sitajibu."

"Utajibu."

"Sitajibu, nimesema."

"Ukijibu mimi naondoka. Na suruali nakwenda nayo."

Nikamfunga namba kifuani kwa pini nne. Nilikuwa na haraka, nikamchoma kidogo. Yule bwana wa mezani alituona. Alituona vizuri kabisa, akainamia karatasi zake kama mtu aliyedondosha kitu.

Wakaanza kuita kwa kipaza sauti. Nilisimama upande wa watazamaji, kamba ikinigusa tumboni. Mmoja mmoja wakaitikia, wakaingia. Moshi, yupo. Mwanza, yupo. Kisha nikalisikia jina langu. Sijawahi kulisikia kwa sauti kubwa namna ile, mji mzima unalisikia, na la baba yangu nyuma yake, yeye aliyekufa bila kuiona Dar hata siku moja. Ulimi ulikuwa umeshainuka wenyewe. Niliuma kola ya shati. Kimya. Wakaita mara ya pili. Mtu aliyekuwa jirani yangu akasema, "Huyu wa Handeni kaogopa nini?" Nikaendelea kuuma kola mpaka nikasikia ladha ya uzi na jasho. Nilijua rafiki yangu ananisubiri mimi kwanza. Anataka kuhakikisha.

"Nipo," akasema.

Akaingia. Alikuwa peku, ile suruali yangu fupi ameikunja magotini, vidole vya miguu vimeingia kwenye chokaa ile mbichi. Hakunitazama. Bastola ikalia, wakaondoka wote kwa pamoja. Pale alipokuwa amesimama zikabaki alama mbili za miguu, na waliokuwa nyuma yake wakazikanyaga.

Alimaliza. Tuliporudi nilikwenda kwa baba yake kama nilivyoahidi, asubuhi, ng'ombe wakiwa wanatoka na watu wamekaa. Nikasema yote, kuanzia mstari wa kwanza wa barua mpaka ule wa nne. Mzee alisikiliza huku akichonga fimbo yake. Nilipomaliza, hakuuliza mwanawe alikuwa wa ngapi, wala jina gani limebaki kwenye karatasi za Dar.

"Walipokuita wewe," akaniuliza, "ulinyamaza?"

"Nilinyamaza, mzee."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili."

Akamtazama mwanawe, mwanawe akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. "Hapo tu," mzee akasema, "ndipo ninapopata taabu kuamini."

Na wewe unayebisha tangu asubuhi: ungeitwa jina lako na la marehemu baba yako mbele ya mji wote ule, ungenyamaza?