Wageni Wawili Matangani

Chai ya mwisho niliyokunywa na mke wangu ilipoa akinielezea somo lake la kesho. Wavietnam walitawaliwa na China karne nyingi, wakabaki Wavietnam. Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, kisha wakajitungia zao. Alasiri ile akafariki.

Matangani, nyumbani kwetu mtaa wa Mabela, walikuja walimu wenzake wawili, Mkorea na Mvietnam. Kaka wa marehemu alikuwa mlangoni.

"Wapisheni Wachina wapite!" akaita.

"Si Wachina, shemeji," nikamwambia, nikamtajia kila mmoja kwao.

"Ah, si hao hao tu? Nani atawatenganisha?" Akavuta pembe ya jicho kwa kidole, mbele yao. Mkorea akatazama chini.

Shemeji huyu kazaliwa Bujumbura. Juzi muuza samaki alimwita Mzanzibari kwa kusikia Kiswahili chake tu, akafoka mpaka koo likamkauka kwamba Unguja hajaikanyaga. Ramani anaidai kwa ajili yake peke yake.

Nani atawatenganisha? Dada yake aliifanya kazi hiyo darasani maisha yake yote.

Asubuhi iliyofuata nilimtoa shemeji mlangoni, nikasimama mwenyewe. Walimu wale waliporudi, niliita kwa sauti: "Mpisheni Mkorea. Mpisheni Mvietnam."