Kofia Iliyomfunika Wekesa Macho

Siku ile ya kliniki kule Kitale siisahau, mwanangu. Wewe unayengoja mtoto wa kwanza, keti nikueleze. Ilikuwa miaka ya themanini.

Mimi na mke wangu Nafula tulikuwa tukipika chang'aa, pombe kali ya kienyeji, pale Myanga. Mimi nilipasua kuni na kuchota maji, lakini wa kuonja alikuwa yeye. Kila chupa ikijaa alionja, akasema hii kali, hii bado. Aliposhika mimba akaanza kukataa.

"Wanjala, roho inanichafuka na hii kitu."

"Wewe onja tu, si ni kidogo? Mama yangu alikunywa busaa na sisi tukazaliwa wazima."

Kiburi kitupu! Alionja mpaka mwezi wa kujifungua.

Wekesa akazaliwa. Mama mkwe alikuwa amemfumia kofia ya sufu, kipimo kilekile alichofumia wajukuu wake wote. Tulipomvisha ikateremka, ikafunika macho hadi puani. Wanawake waliokuja kumwona wakaanza kunong'onezana. Nami nikasema mbele yao wote kwamba hiyo ni damu mbaya, imetoka kwao Nafula. Mwezi haukuisha kabla sijamrudisha kwa wazazi wake kijijini Kwanza, karibu na Kitale, mtoto mgongoni. Naona haya mpaka leo.

Baada ya miezi kadhaa baba mkwe akaniita kliniki. Wekesa alikuwa bado hajaweza kukaa, na alikuwa akishikwa na degedege. Nesi akamzungushia utepe kichwani, akatazama kadi, akapima tena.

"Kichwa cha mtoto hukua kwa sababu ubongo unakua ndani," akasema. "Wa huyu haukukua vizuri tangu tumboni, ndiyo maana kichwa chake ni kidogo."

Akatuuliza mengi. Je, Nafula alipata homa na vipele akiwa mjamzito? Alikosa chakula cha kutosha? Mtoto alichelewa kulia alipozaliwa? Kuna mwingine wa hivi kwenye ukoo, wa mama au wa baba? Yote hapana. Kisha akauliza kuhusu pombe.

Nafula alitazama sakafu, asinitaje. Alikuwa tayari kubeba hata lawama hiyo kwa niaba yangu. Mwanangu, nililia mbele ya watu.

"Ni mimi nilimlazimisha kuonja," nikasema.

"Siwezi kuapa ni pombe peke yake," nesi akajibu, "lakini inaweza kufanya hivi. Dawa ya kukikuza kichwa hakuna. Degedege tutaituliza, na nyinyi mtamfundisha polepole."

Nikawarudisha nyumbani, nikatoboa mapipa yote ya pombe. Wekesa hakusaidika na hilo. Nafula alimlisha kwa mkono wake mpaka tulipomzika Nafula, na sasa ni zamu yangu. Wekesa ana ndevu, na kila asubuhi mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati. Hunichekea tu, hajui nilichomfanyia. Naogopa sana siku nitakayoondoka, maana sijui nani atamfunga vifungo.

Kwa hiyo mkeo asiguse pombe, hata ya kuonja, na akikataa kitu msikilize. Mpeleke kliniki mapema, ale vizuri. Na mtoto akizaliwa na kichwa kidogo, mpelekeni apimwe, wala usinyooshee mtu yeyote kidole, hasa huyo aliyembeba.

Nenda salama, mwanangu. Mungu awalinde wote wawili, na kofia anayofuma mama mkwe wako imkae mtoto wako sawasawa.