Gari Lililochemka Baada ya Kuzimwa

Kiwanda cha chai kilipopata mmiliki mpya, sisi wa karakana tuliitwa ofisini mmoja mmoja na kupewa barua. Mimi nilikuwa fundi wa boila, na boila mpya ilikuwa inakuja na fundi wake. Nilirudi nyumbani na sanduku langu la spana, nikakaa wiki mbili bila kujua la kufanya, kisha nikapangisha kibanda cha mabati pale Msasani, Tukuyu mjini, nikaandika mlangoni kwa rangi nyekundu kwamba natengeneza magari.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Magari yaliyokwisha kutumika Japani yalikuwa yameanza kupanda hadi kwetu milimani, na mengine hata sisi mafundi hatukuwa tumewahi kuyafungua boneti. La ajabu kuliko yote aliniletea mama mmoja wa Lufingo, mfanyabiashara wa ndizi, mjane mwenye umri wa makamo. Lilikuwa gari la spoti, chapa sikuijua, la milango miwili, limekaa chini karibu liguse lami. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti, na ukiziwasha ziliinuka kama macho ya chura. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, na pale pote palijaa mikungu ya ndizi.

Alinisalimia kwa heshima, kwa Kinyakyusa, "Mugonile," nami nikaitikia. Akanieleza kwamba alitafuta pikapu akaikosa, akauziwa hili kwa bei ya chini na mfanyabiashara mmoja wa Mbeya aliyechoka nalo, kwa sababu lilikuwa linachemsha na limewashinda mafundi. Nikamuuliza linachemsha wapi, kwenye mlima gani.

"Mlimani halichemki, fundi," akasema. "Linachemka nikishalizima."

Kusema kweli, maneno yale yalinipita. Nilidhani Kiswahili chake kimemponyoka, maana lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kinyakyusa na alizungumza polepole, akitafuta neno. Gari linachemka likifanya kazi. Hilo nilikuwa nalijua tangu ujana. Nikamwambia aliache, arudi kesho kutwa.

Nilifanya walichokuwa wakifanya mafundi wote wa wakati ule. Nilitoa themostati, kile kifaa kidogo kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, nikakitupa, kwa imani kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa zaidi. Nikaisafisha rejeta kwa maji ya bomba mpaka yakatoka meupe. Nikabadilisha mpira mmoja wa kupitisha maji uliokuwa umelainika. Mama alikuja, akalipa, akaondoka na mikungu yake.

Siku ya nne alirudi akivutwa kwa kamba nyuma ya lori la majani ya chai. Alikuwa ametoka Uyole sokoni, na kwenye kupanda kurudi Isongole sindano ya joto ilifika juu kabisa, moshi ukatoka mbele. Nilimkumbusha, kwa sauti ya mtu aliyeshinda, kwamba kumbe mlimani linachemka. Akasema hiyo ilikuwa wakati wa kurudi, maji yakiwa yameshakwisha. Yalimwagika asubuhi, aliposimama Isongole na kuzima. Nikatikisa kichwa, nikamwambia ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, imeungua.

Nililifungua. Kazi ile ilinichukua wiki nzima, kwa sababu ya mvua na kwa sababu injini yenyewe ilikuwa imesongamana mabomba ambayo sikuwa nimewahi kuyaona. Kila siku mchana mama alikuja kwa miguu kutoka stendi, akakaa juu ya tairi, akatazama. Ndizi zake wiki ile zilipanda magari ya watu wengine. Hakulalamika. Aliuliza hiki ni nini, kile kinafanya nini, nami nikamjibu kwa mkato. Aliponyooshea kidole turbo, nikamwambia ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuipa nguvu, na kwamba haihusiani na maji.

Hedi ilipotoka, gasketi ilikuwa nzima. Haikuwa na alama yoyote. Niliishika mkononi muda mrefu, kisha nikaweka mpya, nikafunga, na sikumwambia mama kwamba ile ya zamani haikuwa na kosa. Jambo hilo hadi leo silipendi.

Alirudi tena baada ya siku mbili. Safari hii gari lilikuja lenyewe, ila alikuwa amejaza maji njiani mara tatu. Hakuzima. Alishusha kioo tu.

"Leo hufungui kitu, fundi. Leo unapanda."

Nilinawa mikono, nikajaza maji mpaka juu, nikaingia. Magoti yangu yaligusa kifua, na nyuma ya kisogo changu kulikuwa na mikungu. Tuliteremka hadi Kiwira, tukavuka mto, tukaanza kupanda. Aliendesha vizuri, kuliko nilivyotegemea, akibadilisha gia mapema na bila kuikamua injini. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye sindano ya joto. Mlima wote, pamoja na mzigo ule, haikufika hata katikati. Nikaanza kutafuta la kusema.

Isongole juu alisimama mbele ya wauza viazi, na gari lilipotulia tu akazungusha ufunguo. Alizima papo hapo, kuokoa petroli, kama tulivyofanya sote.

"Sasa sikiliza," akasema.

Kukawa kimya. Halafu chini ya boneti nikasikia mlio wa chini, wa kukoroma, kama sufuria ya maharage. Ukakua. Nilishuka, nikafungua boneti. Chuma cha turbo kilikuwa kimewiva, chekundu kwa upande wa ndani, na mipira midogo miwili iliyoingia pale ilikuwa inatetemeka. Maji yalikuwa yanapanda kutoka rejeta kwenda kwenye chupa ya pembeni, chupa ikajaa, yakamwagika barabarani.

Nililijua jambo lile. Nililijua kuliko mtu yeyote Rungwe nzima. Kiwandani niliwafundisha wenzangu kwamba usisimamishe pampu ya boila kabla hujapunguza moto, maana maji yaliyotulia juu ya chuma cha moto hayana pa kwenda. Turbo ile ilikuwa inapozwa na maji ya injini. Injini ikizimwa, pampu inasimama, na maji yaliyobaki ndani ya turbo yanachemka. Mfuniko wa rejeta ungekuwa na nguvu ungeyazuia, na injini ikipoa ungeyavuta yale ya kwenye chupa yarudi. Tulipongoja vya kutosha nikaufungua: raba yake ilikuwa imekauka kama ganda, na springi nikaibonyeza kwa kidole kimoja.

Tulisubiri pale karibu saa nzima. Baridi ilikuwa kali. Mama alinunua viazi vya kuchemsha, akanipa nusu. Nilikula, halafu nikaona siwezi kuendelea kula kabla sijasema.

"Mama, ulinieleza siku ya kwanza."

"Nilikueleza mara tatu," akasema. Hakusema kwa hasira. "Na waliokutangulia niliwaeleza. Mmoja aliniambia nimlete mwanamume wa kunisemea."

Nikamwambia pia habari ya gasketi, kwamba ilikuwa nzima na nilimficha. Alimenya kiazi chake mpaka akamaliza. Kisha akauliza, "Sasa tunafanyaje?"

Tulifanya mambo matatu. Nilipata Mbeya mfuniko mpya wenye kushika presha sawasawa. Nilitafuta themostati nyingine nikairudisha, kwa gharama yangu, kwa sababu kwenye baridi ya kwetu injini bila hiyo haipati joto lake. La tatu lilikuwa lake mwenyewe: akishapanda mlima, asizime mpaka injini imenguruma taratibu dakika tatu. Wachukuzi wa Uyole walimcheka kwamba anachoma petroli bure akiwa amesimama. Yeye alishuka, akaanza kuhesabu mikungu, akawaacha wacheke.

Gari halikuchemsha tena. Alilitumia miaka miwili, mpaka sakafu ya nyuma ikaanza kuoza kwa utomvu wa ndizi, kisha akaliuza kwa mwalimu mmoja wa Lupepo ili anunue kilori. Makabidhiano yalifanyika kibandani kwangu. Mama alifungua boneti mwenyewe, akamweleza mwalimu habari ya turbo, ya maji, na ya kusubiri kabla ya kuzima. Mwalimu alikuwa akimsikiliza huku ananitazama mimi, apate kuona kama nakubali.

"Muulize mama," nikamwambia. "Gari analijua yeye."

Nikawaacha pale, nikaenda kuchemsha chai.