Kifua Changu na Moshi wa Samaki

Ninaikumbuka vizuri asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bi harusi wa miezi minne tu hapa Gisenyi. Mama mkwe wangu alisimama kwenye mlango wa jiko langu akakohoa mpaka akashika ukuta.

Nilikuwa nakausha samaki kwa moshi wa kuni za mikaratusi. Dirisha nililiziba kwa gunia, maana niliamini moshi ukitoka nje samaki hawapati rangi. Na kusema kweli nilijivuna. Wanawake wengine waliingia mle wakatoka mbio wanafuta machozi. Mimi nilikaa humo tangu asubuhi mpaka mchana, mtoto wa Kigoma, nikiwaonyesha watu wa huku kwamba sikuolewa nije kudeka.

"We mukazana," mama mkwe alisema, maana ndivyo huku wanavyomwita mke wa mwana, "hii moshi yote unaifungia ya nini? Mama yangu alikufa na kifua, na hakuvuta hata sigara moja. Fungua dirisha."

Nikamwitikia, "Ndiyo, mama." Alipoondoka nikalirudisha gunia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, nilivunjika kifua, na kifua hakifungwi bendeji.

Miaka ilipita, mwanangu, mingi. Samaki wangu walipata jina mpaka Goma, ulizia. Kikohozi cha asubuhi kilipoanza nikasema ni baridi ya ziwa. Nilipoanza kutweta kwenye mwinuko mdogo nikasema ni unene, ingawa nilikuwa nakonda. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikwisha kufa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunisema.

Siku moja nikiwa kwenye foleni ya Petite Barrière, pale mpakani tunapovukia kwenda Goma, beseni kichwani, pumzi ilinikatika. Hewa ilikuwapo lakini haikuingia. Wanawake wenzangu walinitua mzigo, wakanikalisha chini nimeinama mbele, wakanitafutia gari la kunipeleka hospitali.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa kijana wa rika la kitinda mimba wangu. Baada ya kunituliza kwa dawa na hewa ya mtungi aliniuliza kama navuta sigara. Nilikasirika. Ndipo akauliza, "Basi mama, unapikia wapi?" Nikamweleza lile gunia la dirishani.

Walipima makohozi, hayakuwa na kifua kikuu. Baadaye nikapulizishwa kwenye mashine kwa nguvu zangu zote. Yule kijana akanieleza polepole: "Mama, njia ya hewa ndani ya mapafu imebanana. Hii ugonjwa haiambukize mutu. Ile imeharibika haitarudia kuwa mupya. Lakini ile imebakia, tutaichunga."

Walinipa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile watu wa hapa wanaiita pompe. Nikaona aibu. Nilidhani majirani watasema mama wa samaki amekwisha. Niliificha chini ya kitenge, nikawa naipuliza chooni, juu ya ulimi, kisha naimeza. Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua.

Niliporudi hospitali sina nafuu, kijana akasema, "Nionyeshe vile unaivuta." Nikamwonyesha. Hakucheka. Akasema, "Mama, hii dawa unalisha tumbo. Kifua inabakia na njaa."

Maneno yale yaliniingia kuliko kelele zozote. Nikakaa nikajifunza kama mtoto wa darasa la kwanza: kutikisa, kutoa pumzi yote, kubonyeza huku navuta taratibu, kuizuia pumzi nihesabu mpaka kumi, kisha kusukutua mdomo. Nikajifunza kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Moshi niliuacha kabisa. Nikanunua jiko la gesi, nikahamia kuuza sambaza wabichi, dagaa wa ziwa letu. Na nikaanza kutembea, jambo nililoliogopa kuliko yote. Mara ya kwanza nilifika kwenye lango la jirani. Leo nashuka mpaka ziwani na kupanda kurudi, napumzika mara mbili njiani, na anayetaka kunitazama nikipumzika anitazame.

Mwaka jana muuguzi aliniomba niwaonyeshe wagonjwa wengine namna ya kuvuta pompe. Kulikuwa na mzee mmoja, mbeba mizigo wa mpakani wa zamani, mwili kama mlango, amevuta sigara tangu ujana. Aliikataa pompe.

"Hiyo ni ya watu wenye wanakufa," alisema.

"Baba," nikamwambia, "mimi ninayo mwaka wa sita. Leo nimekuja hapa kwa miguu. Wewe umekuja na nini?"

"Na moto," akajibu, yaani pikipiki. Watu wakacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanyoosha mkono akaichukua. Nilimshika kidevu, nikamrekebisha, mpaka akaivuta ipasavyo. Sigara ilimchukua muda zaidi, lakini ameiacha. Nimesifiwa samaki maisha yangu yote, mwanangu, ila sijapata kujivuna kama siku ile.

Kwa hiyo sikia. Jiko lako lipe dirisha, na sigara usiionje kwa kuiga. Kikohozi kisichoondoka usikipe jina wewe mwenyewe, kipeleke kikapimwe. Ukipewa dawa ya kila siku, itumie hata siku unayojisikia mzima. Dalili ya mvua ni mawingu: makohozi yakibadilika rangi, pumzi ikizidi kuwa fupi, nenda hospitali mapema, usingoje kuanguka. Tembea, hata hatua kumi. Na mkubwa akikukemea kwa upendo, usimwitikie "ndiyo" ya mdomoni kama nilivyofanya mimi.

Mungu akupe kifua chepesi, akujalie uzee wa kuwaita wajukuu wako wote kwa majina, mmoja baada ya mwingine, bila kuishiwa pumzi.