Nilishona namba yangu ya simu kwenye usukani wa bodaboda ili nijitangaze, asubuhi moja ikapigwa

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa kooni tangu kipindi cha baridi na bado sijapata pa kulitemea. Ni kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejitungia sehemu nzuri kuliko hii niliyo nayo humu.

Ni mwanamke, fundi wa kushona siti za pikipiki hapa Mafinga. Nimezaliwa Uyole, Mbeya, nikaolewa huku kwa Wahehe, kwa hiyo baridi naijua pande zote mbili.

Ndugu zangu wa Dar hamtanielewa haraka. Mwezi wa sita na wa saba huku dereva wa boda akifika kijiweni asubuhi, vidole havifunguki. Hawezi hata kufungua kifungo cha koti lake mwenyewe. Glovu zinasaidia kidogo tu, upepo unapenya.

Basi nikabuni kitu.

Ni kama mfuko mnene, nje ngozi ya kushonea siti, ndani blanketi. Unaufunga kwenye usukani, mmoja kila upande. Dereva anaingiza mkono humo ndani, anashika mafuta na breki akiwa ndani ya joto lake. Mimi nikauita soksi ya usukani. Vitu vya namna hii vipo, sijavumbua mimi, ila cha kwangu kilikuwa na siri moja: mlango wa kuingizia mkono niliutia lastiki, ukawa unabana hadi kwenye kifundo. Hata upepo hauingii.

Hiyo lastiki ikumbukeni.

Sasa kutangaza. Hela ya matangazo sina. Redio nilipoulizia bei nikasema asante nikakata simu. Nikajaribu kulipia tangazo mtandaoni kwa kile kidogo nilichokuwa nacho, likaenda kwa watu wa Tanga na Mtwara. Mmoja akaandika, "Dada huku tunakufa na joto, tushonee feni." Watu mia wakacheka, hakuna aliyenunua.

Nikakaa nikafikiri. Nikasema boda hanunui kitu kwa sababu kaona tangazo. Boda ananunua kwa sababu boda mwenzake anacho.

Nikachagua madereva watatu wanaojulikana. Mmoja Iringa mjini, mmoja Uyole, mmoja Nyololo pale barabara kuu. Nikawapa soksi bure. Sharti moja tu: nimeshona namba yangu ya simu juu yake, tarakimu kubwa, kitambaa kile cha njano kinachong'aa kikimulikwa. Ukikutana na pikipiki unaisoma namba kabla hujamsoma mtu.

Wa Nyololo anaitwa Tito. Kijana mpole, hana maneno mengi, abiria wanamgombania kwa sababu haendeshi kwa fujo. Nikamrekodi video. Anamwagiwa maji ya baridi juu ya soksi, anachomoa mkono, mkavu kabisa, anatabasamu. Video ikazunguka kwenye magrupu ya boda huku Nyanda za Juu kuliko nilivyotegemea.

Wakuu, simu ziliita. Makambako, Uyole, Iringa, hadi Makongolosi huko machimboni natuma kwa basi. Nilikuwa nashona, kila pea na namba yangu juu yake, mpaka cherehani inapata moto. Ukweli ni kwamba nilijiona mjanja sana.

Wiki ya pili Tito akanipigia, akanisalimia kwa Kihehe.

"Dada fundi, kamwene. Hii kitu joto lake zuri. Ila mkono ukitoka, kurudi ndani unatafuta mlango."

"Unatafuta vipi?"

"Lastiki inafunga. Inabidi uangalie, au uvute na mkono mwingine."

Nikamjibu bila hata kuacha kushona: "Ni upya tu huo. Utazoea kaka Tito."

Akasema, "Haya dada." Tukaagana vizuri.

Nilimuelewa, hapa nisijitetee. Mimi ni fundi, mtu akiniambia lastiki inabana najua anachosema. Ila nilikuwa na oda, na tangazo lote lilikuwa linasema "hata upepo hauingii." Nikiondoa lastiki nitatangaza nini?

Ikapita kama wiki tatu.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi, nachochea jiko nichemshe chai. Nje ukungu umelala hadi chini, nyumba ya jirani haionekani. Simu ikaita, namba ngeni. Nikafurahi, nikajua mteja.

"Haloo. We ndo mwenye hii namba ya kwenye pikipiki?"

"Ndiyo mimi, karibu sana. Unataka rangi gani?"



"Rangi gani tena, dada? Mwenye pikipiki kagonga lori hapa, hujafika Nyololo. Simu yake imepasuka. Tumeona namba hii tukajua ni ya ndugu."

Nilijua tu ni Tito. Nikakaa chini, pale pale kwenye majivu.

"Anaongea?"

"Anapumua. Kuna Noah imembeba, inakuja huko Mafinga hospitali. Wahini."

Akakata.

Nataka niwaambie nilichofanya kwa mpangilio, kwa sababu ndicho kinachonisumbua hadi leo. Sikukimbilia hospitali. Kitu cha kwanza nilichofanya, nilifuta ile video. Nabonyeza sehemu siyo, narudia, mpaka ikafutika. Mtu kalala kwenye Noah hajui kama atafika, mimi nafuta video.

Kisha nikaenda kwenye banda langu la kazi. Kulikuwa na pikipiki ya mteja imeletwa kubadilishwa siti. Nikaifunga soksi mpya kwenye usukani, nikapanda, nikaingiza mikono. Nikaangalia mbele, nikachomoa mkono wa kulia, nikaurudisha bila kuangalia chini.

Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye tatu ndiyo vidole vikapata mlango.

Nikarudia. Tatu tena. Mkono wa kulia ndio wenye breki ya mbele, wakuu. Pikipiki ya kasi ya kawaida tu, hesabu tatu inakuwa imefika wapi?

Mume wangu akanikuta pale juu ya pikipiki nalia. Nikamwambia yote. Naye akaingiwa na hofu, nikaiona usoni.

"Usiende," akasema. "Zima simu. Unawajua boda wewe. Wakijua ni kitu chako wanakuja hapa na petroli."

Hakuwa anatia chumvi. Mnajua wenyewe boda akigongwa wenzake wanavyokusanyika, gari linaweza kuwaka kabla trafiki hajafika. Na mimi nilikuwa nimewarahisishia, namba yangu imeshonwa kwenye usukani wa kila mmoja wao.

Nilizima simu. Ilikaa imezimwa kama dakika kumi. Halafu nikawaza, yule mtu amekuja Mafinga peke yake, na wanaomsubiri wanaambiwa ndugu yake amepigiwa na anakuja. Huyo ndugu ni mimi. Nikawasha simu, nikavaa viatu, nikatoka.

Hospitali nje pikipiki zimejaa. Zimemsindikiza toka Nyololo kwenye ukungu ule ule, taa zimewashwa. Nikaanza kuona njano. Pikipiki hii ina namba yangu, ile ina namba yangu, ile pale pia. Nikatafuta ukuta wa kushika.

Mwenyekiti wa kijiwe chao, mtu mzima kidogo anaitwa Chesco, akaja kwangu moja kwa moja.

"We ndo dada yake?"

Sijui nilitikisa kichwa au niliinamisha tu. Akanishika bega. "Pole sana dada. Yuko hai. Mguu umevunjika na bega. Tuko wote hapa, usiogope."

Aliniambia nisiogope.

Muuguzi akatoka anauliza ndugu wa mgonjwa, kuna karatasi ya kusaini. Wote wakanigeukia. Nikasaini. Kwenye uhusiano nikaandika dada. Nililiandika neno hilo mara mbili mpaka muuguzi akaniletea kiti, akidhani ni uchungu.

Baadaye mke wa Tito akafika, mtoto mgongoni, khanga imelowa umande. Wakamwambia huyu dada ndiye aliyewahi kufika. Akanikumbatia, akasema Mungu akubariki. Nilitamani ardhi inimeze, na huo si msemo tu.

Ilipofika mchana tukaruhusiwa kuingia wachache. Chesco, mke wa Tito, mimi, na dereva mmoja aliyebeba vitu vilivyookotwa barabarani. Ndani ya mfuko wa plastiki kulikuwa na soksi ya kulia. Imechanika ubavuni, namba yangu imebaki nzima.

Chesco akaitoa, akaigeuza geuza. Akaingiza mkono wake, akautoa, akajaribu kuurudisha. Akaisoma ile namba. Kisha akaniangalia, na safari hii hakuniangalia kama ndugu wa mgonjwa.

"Tito," akasema, bado ananiangalia mimi. "Ilikuwaje?"

 Nilijua kilichoko nje. Pikipiki ishirini na ngapi, na banda langu ni la mbao.

Tito alikuwa amefumba macho. Akajibu taratibu, "Ukungu mwenyekiti. Lori limesimama bila alama. Sikuliona."

"Na hiki?"

"Ukungu tu."

 Chesco akairudisha soksi kwenye mfuko, akatoka na yule dereva. Mke akaenda kufuata maji. Tukabaki wawili, mimi nimeshika kikombe cha uji ambacho sikumbuki nani alinipa.

"Dada fundi."

"Abee."

"Sikuzoea."

Wakuu, mimi nimefiwa na wazazi wote wawili. Sikuwahi kulia vile.

Akaniacha nilie. Halafu akanieleza. Kioo cha helmeti kilijaa ukungu, akatoa mkono kukifuta. Lile lori likatokea. Mkono ukarudi haukuona mlango. Akakanyaga breki ya mguu peke yake, lami ina umande, pikipiki ikalala ikateleza naye.

Nikamuuliza kwa nini hajasema.

"Wangekuchomea. Una watoto." Akapumzika, kuongea kulikuwa kunamuuma. "Ila wenzangu wanazo. Uyole huko wanazo. Mimi nimenyamaza leo. Kesho useme wewe."

Sikulala vizuri, na asubuhi nilipanda gari kwenda Nyololo nikiwa nimebeba mkasi na cherehani ya mkono. Mume wangu aligoma kuniacha niende peke yangu, akaja, mwoga hivyo hivyo kama mimi. Nikasimama kijiweni mbele yao nikasema. Kwamba Tito aliniambia, na kwamba nilimjibu atazoea.

Nilitegemea ngumi. Kuna kijana mmoja alinijia kweli, Chesco akamzuia kwa mkono mmoja. Kisha Chesco akavua soksi zake kwenye pikipiki, akazitupa miguuni pangu.

"Rekebisha," akasema. "Hapa hapa, tukiona."

Nilikaa chini kijiweni nikakata lastiki moja baada ya nyingine. Mlango nikaupanua, nikauwekea kipande cha mpira mgumu usijifunge, mkono uingie hata ukiwa umefumba macho. Kila mmoja alijaribu yake mara kumi kumi kabla ya kuondoka. Hakuna aliyenishukuru na sikustahili. Chesco mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu.

Kisha Iringa. Kisha Uyole, nyumbani kwetu, ambako aibu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu wananijua toka mdogo. Tito anatembea na magongo, namshonea siti za kuuza akiwa amekaa, tunagawana. Mke wake anajua sasa. Hajanikumbatia tena.

Funzo nililopata, kwa wale mnaotafuta namna ya kujitangaza kwa hela ndogo: njia yangu inafanya kazi. Mpe mtu anayeaminika, awe tangazo lako. Ila ujue umeuza uaminifu wake, siyo wako. Na siku akikupigia kusema kitu kina kasoro, weka cherehani chini, msikilize.

Sasa sababu hasa ya kuandika uzi huu.

Nimezipata soksi zote za mwanzo isipokuwa pea mbili. Zilienda Makongolosi kwa basi. Aliyenunua simu yake haipatikani. Nilikwenda mwenyewe nikazunguka vijiwe vya pale, nikaambiwa watu wa machimbo wanahama, huenda yuko Chunya, huenda kavuka kabisa mkoa. Kila asubuhi ya ukungu naamka nawaza zile pea mbili. Simu ikiita mapema kwa namba ngeni, nakaa chini kwanza kabla sijasema haloo.

Ni nyeusi, namba ya njano, mlangoni zina lastiki. Ukiziona kwa boda wako, kwa jirani, kwa yeyote, mwambie akate hiyo lastiki leo. Mkasi, kisu, wembe, chochote. Asisubiri.

Mwenye maoni aseme, hata ya kunitukana nitayasoma. Na kama ni wewe unazo, namba yangu unaijua, iko mbele ya macho yako kwenye usukani. Piga muda wowote. Sitakuambia utazoea.