Mizani ya Mwanangu

Kifuani, chini ya ngozi, nina kimashine kinachoupiga moyo shoti ukianza kwenda ovyo. Daktari alinionya kwamba moyo wangu umechoka, kwa hiyo nijipime kila asubuhi. Uzito ukipanda ghafla, hayo si mafuta, ni maji, niwahi hospitali.

Mwanangu ananunua alizeti hapa Iguguno, ana mizani ya kupimia magunia. Kila asubuhi nilipanda juu yake kwa maringo. Nani mwingine kijijini amezaa mtoto mwenye mizani?

Msimu wa alizeti ulipoanza, miguu ikavimba. Majirani wakanisifu, "Bibi, umenawiri." Nikatazama mizani, uzito ni uleule. Nikaiamini kuliko miguu yangu mwenyewe, mpaka kimashine kiliponipiga teke la punda nikaanguka uani.

Hospitalini nesi alinipima, akasema nimebeba maji ya ndoo nzima.

"Mizani ya mwanangu haikusema hivyo," nikamwambia.

Mwanangu alikuwa pale pale, macho sakafuni. "Mama, msimu ukianza huwa naikaza, isome pungufu. Ni kwa ajili ya wakulima tu."

"Na mimi ulikuwa unaniona nikipanda?"

"Nilisahau, mama."

Wakulima wenyewe ni wajomba zake, ndugu zangu wa tumbo moja.

Kesho yake akaja kitandani, akainama. "Shikamoo, mama."

Nikageukia ukutani. Marahaba yangu hajaipata mpaka leo.