Ala Tupu Kiunoni mwa Jalmari

Huku kwetu Ufini, mwanamume wa kijijini akifunga mkanda bila kisu ni kama hajavaa. Sasa mfikirie Jalmari: kisu chake kilizama ziwani siku ya kutega nyavu, na tangu hapo mkono wake haukutulia. Kutwa unapapasa ala tupu kiunoni. "Kisu changu kiko wapi?" Mkewe, Hilja, anamweleza. Baada ya dakika kumi anauliza tena. Maradhi ya kusahau yalikwisha kumnyang'anya hata majina ya wanawe, lakini kisu, wapi! Hicho hakukisahau.

Alinunuliwa kipya dukani. Akakitazama mara moja, akakisukuma kando. "Hiki si changu." Mtu aliyefua visu maisha yake yote, utamdanganya kwa lipi?

Ndipo Hilja, mpishi wa shule mstaafu, mwenye miaka sabini na mmoja, akawasha tanuri la mumewe la kufulia chuma. Chuma kizuri kilichobaki kilikuwa tupa mbili kuukuu za kunolea, basi. Ya kwanza aliifua wiki nzima, viganja vikatoka malengelenge. Kisu kilipopata umbo akakipasha moto hadi kikaiva chekundu, akatoka nacho nje mbio, akakichomeka kwenye theluji kipoe ghafla, kiwe kigumu. Ti! Kikapasuka toka mgongoni hadi kwenye makali.

Jirani yao Oiva alicheka hadi akashika ukuta. "Shemeji! Wa kutoka kwenye mvuke wa sauna na kujitupa thelujini ni sisi, chuma hakina moyo huo! Kitie kwenye mafuta, tena ya vuguvugu."

"Cheka tu. Hayo meno yako matatu nishayahesabu," alisema Hilja, kisha akaingia jikoni akalia.

Tupa ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho. Safari hii kisu kilizama kwenye mafuta, kikatoa moshi, kikanyamaza kimya. Akakiweka katika oveni pamoja na maandazi ya iliki, kipungue ugumu kidogo kisije kikavunjika kama glasi, mpaka kikageuka rangi ya majani makavu. Mpini ulimshinda kidogo, ukakaa upande.

Jalmari alikuwa anakunywa kahawa Hilja alipokichomeka kwenye ala yake. Mkono ukashuka kiunoni, ukasimama. Akakichomoa, akajaribu makali kwa kunyoa nywele za mkono wake.

"Mpini umepinda," alisema. "Lakini chuma ni safi. Kafua nani?"

"Mimi."

Jalmari akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni. "Ahsante, mama. Ila nakuomba, usimwambie Hilja wangu. Atakitaka cha kukatia samaki, nami nitampa tu. Yule sijawahi kuweza kumnyima kitu."

"Simwambii," alisema Hilja, machozi yakimtiririka, akammiminia kahawa nyingine. Jalmari akakirudisha kisu kwenye ala, na mkono wake ukatulia.